Msandali wa Afrika Mashariki (Osyris lanceolata): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina na ukoo wake

Msandali wetu wa nyanda za juu ni kichaka tu, mara nyingi hakimzidi mtu mzima kwa kimo, lakini majina yake yamewasumbua watu wengi. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na wafugaji, wanafunzi, walimu wa sayansi, maofisa wa misitu na wauza manukato. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo kosa la jina limeugharimu mti wenyewe, na kwa kifupi pale ambapo jambo liko wazi.

Msandali mnaouzungumzia ni upi hasa?

Ni Osyris lanceolata. Ni kichaka au mti mdogo wa kijani kibichi mwaka mzima, unaoota kwenye miteremko yenye mawe, kingo za misitu mikavu na vichaka vya nyanda za juu. Kenya utaukuta Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, Laikipia na Kajiado. Tanzania uko katika milima na nyanda za juu za kaskazini na za kusini, na upo pia Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Pwani usiutafute.

Jani lake ni gumu kidogo, lina rangi ya kijani inayoelekea buluu au manjano, na ncha yake imechongoka. Likunje halafu liachie, linarudi lilivyokuwa. Maua ni madogo sana, ya kijani-manjano, mtu anaweza kupita mara kumi asiyaone. Tunda ndilo linalojitangaza: lina ukubwa wa punje ya njegere au zaidi kidogo, linaanza kijani, linapita manjano na kuiva jekundu, na juu yake limebaki kovu dogo la mviringo pale ua lilipokuwa.

Harufu haiko kwenye jani wala kwenye ua. Iko ndani ya mti, kwenye kiini cha shina na zaidi kwenye mzizi. Ndiyo maana wanaoutafuta kwa biashara hawaukati tu, wanaung'oa.

Kwa nini unaitwa nusu-kimelea? Mbona una majani yake?

Majani yanayo, na yanafanya kazi. Msandali hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mti mwingine wowote. Asichokuwa nacho cha kutosha ni mizizi ya kujitafutia maji na madini, kwa hiyo hujishikiza kwenye mizizi ya majirani na kuyavuta huko. Kimelea kamili hakijipikii, huchukua hata sukari kutoka kwa mwenzake. Msandali anajipikia mwenyewe, ila maji ya kupikia anachota kwa jirani.

Niliwahi kuufukua mzizi mmoja kwa vidole, taratibu, bila jembe, kwenye ukingo wa korongo ambako mvua ilikuwa imekwisha kula udongo. Mzizi mwembamba wa msandali ulikuwa umepita kando ya mzizi wa kichaka kingine, na pale walipokutana palikuwa na kidonge cheupe kidogo kilichobana kama kupe. Hicho ndicho kinyonyeo. Nilipokikata kwa wembe, sikuona mpaka wazi kati ya mti mmoja na mwingine, kwa sababu tishu za msandali zilikuwa zimeingia ndani ya mzizi wa jirani.

Hachagui jirani mmoja tu. Watafiti wa Tanzania wameorodhesha wenyeji wake kadhaa, wakiwemo Searsia natalensis (zamani Rhus natalensis), Dodonaea viscosa, Apodytes dimidiata, mirungi yaani Catha edulis, na hata Brachystegia spiciformis wa misitu ya miombo. Hawasaidii kwa kiwango kimoja. Mche wa msandali hustawi vizuri zaidi kwa wenyeji fulani kuliko wengine.

Kimsingi uko katika ukoo gani?

Tukianzia juu: ni mmea wa maua, uko katika oda ya Santalales, familia ya Santalaceae, jenasi ya Osyris, spishi lanceolata. Familia hii Robert Brown aliiita hivyo mwaka 1810, kwa jina la jenasi ya Santalum, yaani sandali ya Bara Hindi. Kwa hiyo msandali wetu na ule wa Bara Hindi wako familia moja lakini jenasi mbili. Ni binamu, si ndugu wa tumbo moja. Naomba msomaji alishike hilo, maana tutalirudia.

Oda nzima ya Santalales imejaa wanyonyaji. Humo ndimo ilimo ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine, ambayo mkulima wa maembe au parachichi anaijua kwa hasira. Huyo ananyonya tawi, msandali ananyonya mzizi.

Nimesoma kwamba Santalaceae imegawanywa. Je, msandali umehamishwa?

Haujahamishwa. Mwaka 2010 Daniel Nickrent na wenzake walichapisha mpangilio mpya wa oda hii, uliotegemea vinasaba, wakaivunja Santalaceae kubwa katika familia ndogo kadhaa. Mpangilio wa APG IV wa mwaka 2016, kazi ya kundi la kimataifa la wataalamu wa ukoo wa mimea ya maua, unaotumiwa na vyuo na hifadhi nyingi za mimea, uliamua kuiacha familia ikiwa pana. Ukifuata mpangilio wowote kati ya hiyo miwili, Osyris inabaki pamoja na Santalum, na Santalum ndiyo iliyoipa familia jina lake. Mjadala huo unawahusu zaidi ndugu zake wa mbali.

Je, ni ndugu wa kiduha kinachoharibu mahindi?

Hapana, ingawa tabia zinafanana. Kiduha, yaani Striga, kiko familia ya Orobanchaceae, mbali sana na msandali. Unyonyaji umezuka katika mimea ya maua mara 12 hivi, kila mara peke yake, katika koo zisizohusiana. Swali hili huulizwa kwa hofu, kwamba ukipanda msandali utaua mahindi ya jirani. Kiduha humaliza maisha yake ndani ya msimu mmoja kwa kumkausha mwenyeji. Msandali ni mti wa miaka mingi, na mwenyeji wake akifa, yeye naye yuko mashakani.

Jina Osyris lanceolata lina maana gani, na nani alilitoa?

Osyris ni neno la Kigiriki cha kale. Waandishi wa kale Dioscorides na Plinius walilitumia kwa mmea fulani wa dawa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akalichukua mwaka 1753 katika kitabu chake Species Plantarum na kulifanya jina la jenasi, akianza na Osyris alba, kichaka cha nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Lanceolata ni Kilatini, maana yake "lenye umbo la mkuki". Umelitazama jani, umeshalielewa jina.

Waliolitoa ni Wajerumani wawili wa mji wa Esslingen, Christian Hochstetter na Ernst Steudel, mwaka 1832. Ndiyo maana katika vitabu utaona limeandikwa kamili: Osyris lanceolata Hochst. & Steud. Wawili hao walianzisha chama kilichoitwa Unio Itineraria, kilichokusanya michango na kuwatuma watu nchi za mbali wakakaushe mimea, kisha mafurushi ya mimea hiyo yaligawiwa waliochangia. Mmoja wa waliotumwa ni Wilhelm Schimper, aliyeishia Ethiopia na kukaa huko hadi kufa kwake. Majina mengi ya mimea ya nyanda za juu za Afrika Mashariki yameanzia kwenye mafurushi ya chama hicho.

Kitabu changu kinasema Osyris quadripartita. Kingine kinasema Osyris abyssinica. Nifuate kipi?

Andika Osyris lanceolata, na ukitaka msomaji asipotee, weka hilo jingine pembeni kama kisawe.

Kanuni ni moja na ni rahisi: mti mmoja ukiwa umepewa majina mawili, lililochapishwa kwanza kwa utaratibu halali ndilo linalobaki. Lanceolata ni la 1832. Quadripartita lilichapishwa 1836 na Joseph Decaisne huko Paris, kutokana na mimea ya Philipp Salzmann. Kwa hiyo linaandikwa Osyris quadripartita Salzm. ex Decne., na hilo "ex" linatuambia kwamba Salzmann ndiye aliyelibuni jina lakini Decaisne ndiye aliyelichapisha. Tofauti ni miaka minne tu, na inatosha. Abyssinica lilikuja baadaye zaidi, katika kitabu cha Achille Richard kuhusu mimea ya Ethiopia.

Ila usikitupe kitabu chako. Waethiopia wamelitumia jina quadripartita katika vitabu vyao vikuu vya mimea, na tafiti nyingi nzuri kuhusu mti huu, ambao kwa Kiamhari huitwa qeret, zimeandikwa chini ya jina hilo. Ukitafuta kwa jina moja tu, nusu ya maarifa inakupita.

Ilikuwaje kichaka kimoja kikapata majina yote hayo?

Kwa sababu kimeenea mno, na kwa sababu hakifanani na chenyewe. Kwa mtazamo unaokubalika sasa, spishi hii inaanzia kusini mwa Hispania na Afrika Kaskazini, inashuka hadi Afrika Kusini, na upande wa mashariki inafika Bara Hindi na China. Sasa fikiria karne ya 19. Mtu wa Paris ana tawi la Tangier, mtu wa Berlin ana tawi la Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwingine ana tawi la Madras. Hakuna aliyewahi kuyaweka matawi yote matatu juu ya meza moja. Kila mmoja anaona chake ni kipya.

Angalia majina yenyewe uone kila mmoja alichokiona. Abyssinica, wa Uhabeshi. Tenuifolia, jina la Adolf Engler wa Berlin, maana yake mwenye majani membamba. Wightiana, kwa heshima ya Robert Wight, daktari Mskoti aliyekusanya mimea Bara Hindi. Arborea, ulio kama mti. Quadripartita, uliogawanyika sehemu nne. Hilo la mwisho linanivutia zaidi, kwani ua la Osyris kwa kawaida lina sehemu tatu, na mara nyingine nne. Jina zima limesimama juu ya jambo ambalo unaweza kuliona likibadilika katika kichaka kimoja hicho hicho.

Jani nalo linadanganya. Kichaka kilicho juani, kwenye mawe, kina majani mafupi na magumu. Mwenzake aliye kivulini hatua thelathini kutoka pale ana majani marefu na laini zaidi. Ukiletewa matawi hayo mawili yamekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi mbili, utaapa ni miti miwili.

Wataalamu wote wamekubaliana?

Kuhusu mti wetu wa Afrika Mashariki, wamekubaliana kiasi cha kutosha. Flora of Tropical East Africa, kazi kuu ya vitabu kuhusu mimea ya eneo letu, iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika 2012, inautambua kwa jina la Osyris lanceolata. Panapobishaniwa ni pembezoni: je, ule wa Asia uhesabiwe humo humo? Na vipi yule jamaa wa pwani ya Rasi, Afrika Kusini, ambaye mtaalamu wa mimea Bergius alimwita Colpoon compressum mwaka 1767, na wengine wakamhamishia Osyris? Maoni yangu ni kwamba majibu hayo yatoke kwenye vinasaba vya miti mingi iliyokusanywa mahali pengi. Hayawezi kutoka kwenye majani peke yake, kwani majani yameshatupotosha vya kutosha.

Sandali, liwa, udi, sandarusi: si kitu kimoja?

Si kitu kimoja hata kidogo, na hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinahitaji uangalifu.

Sandali ni neno lililotufikia kwa Kiarabu, nacho kililipata upande wa Bara Hindi, nalo kwa asili lilitaja ule mti wa Kihindi. Sisi tukaliongezea kiambishi, tukapata msandali, halafu tukamvisha jina hilo binamu yake wa milimani kwa sababu harufu inakaribiana. Liwa ni unga au ukando wa mti wenye harufu, unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo na kupakwa usoni. Neno hilo linataja matumizi, halitaji spishi. Udi wa asili unatokana na miti ya Aquilaria ya Asia, familia nyingine kabisa, na harufu yake huja mti ukishaugua ndani. Lakini nyumbani tunaita udi karibu kila kinachofukizwa chetezoni.

Sandarusi ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa maneno yanafanana na watu wanayachanganya hata katika maandishi. Msandarusi ni Hymenaea verrucosa, mti mkubwa wa pwani wa jamii ya kunde, na sandarusi ni utomvu wake mgumu uliouzwa sana Zanzibar na Bagamoyo kwa kutengenezea vanishi. Haunukii sandali, haunyonyi mizizi ya mtu, na haukui mahali msandali unapokua.

Nitautofautishaje msandali wetu na ule wa Bara Hindi?

Tazama majani yalivyokaa kwenye kijiti. Santalum album, wa Bara Hindi, majani yake hutazamana wawili wawili. Osyris lanceolata majani yake hupishana, moja huku, jingine kule, moja moja. Hiyo inatosha hata kwa mtoto wa darasa la nne. Ukipata ua, la Kihindi lina sehemu nne na hugeuka kuwa jekundu la zambarau. Letu ni la kijani-manjano na mara nyingi lina sehemu tatu. Tunda la Kihindi huiva jeusi, letu jekundu.

Kazi huwa ngumu pale unapoletewa kipande cha mti au gunia la vipande, bila jani. Hapo macho hayatoshi. Inabidi kwenda kwenye hadubini au maabara.

Muhuhu nao si sandali ya Afrika?

Sokoni uliitwa hivyo, ndiyo. Muhuhu ni Brachylaena huillensis, wa familia ya alizeti, mti mgumu uliowahi kusafirishwa Bara Hindi kama mbadala wa sandali. Afrika Magharibi jina hilo hilo la biashara wamelipa Baphia nitida, wa jamii ya kunde. Na kuna msandali mwekundu wa Bara Hindi, Pterocarpus santalinus, nao wa kunde. Ukihesabu pamoja na wetu na ule wa Bara Hindi, hapo una miti mitano ya familia tatu, yote inaitwa sandali na wafanyabiashara. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina sandali ya Afrika", bado hajakuambia kitu. Muulize jina la kisayansi.

Jina lina uhusiano gani na sheria? Si mti ni ule ule?

Mti ni ule ule, lakini sheria inaushika kwa jina.

Mwaka 2007 Rais Mwai Kibaki wa Kenya alipiga marufuku uvunaji wa msandali wa porini kwa miaka mitano, baada ya kuonekana vilima vinaachwa na mashimo. Marufuku ya nchi moja ikasukuma biashara kuvuka mipaka. Mwaka 2013, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Bangkok, Osyris lanceolata uliingizwa katika Kiambatisho cha II. Maana yake ni kwamba magogo, vipande, unga na mafuta yake havitakiwi kuvuka mpaka wa kimataifa bila kibali. Mbegu na chavua hazimo, wala bidhaa zilizokamilika na kufungashwa tayari kwa rejareja.

Sasa soma vizuri maneno ya orodha hiyo. Hayasemi "msandali wote duniani". Yanataja miti ya nchi sita: Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Mti wa jina hilo hilo unaotoka Zimbabwe au Hispania hauko chini ya kifungu hicho. Kwa hiyo ofisa aliye mpakani anahitaji mambo mawili kwa pamoja, jina sahihi na mahali sahihi mti ulipotoka. Moja likikosekana, kibali hakina maana.

Nimeshaletewa karatasi ya mzigo iliyoandikwa "mizizi ya sandali" bila neno jingine. Aliyeniletea alitaka kujua kama inaruhusiwa. Nilimwambia ukweli, kwamba kwa maandishi yale mzigo ungeweza kuwa wa Kihindi, wa muhuhu au wa kwetu. Katika mwanya huo ndimo msandali wa Samburu na Kajiado unamopita.

Mtu akiandika Osyris quadripartita kwenye kibali, je, anakwepa?

Hapaswi kukwepa. Kisawe ni jina jingine la spishi ile ile, na ulinzi unafuata spishi. Lakini ofisa asiyejua visawe anaweza kufungua orodha, asilione jina, akapitisha. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mafunzo ya watu wa forodha yawe na visawe angalau vitatu: quadripartita, abyssinica na tenuifolia. Ni maneno matatu tu, yanaingia kwenye kadi ya mfukoni.

Majina ya kienyeji yana thamani yoyote kisayansi?

Yana thamani kubwa. Wamaasai huuita olosesiai na Wasamburu losesiai, na utaona mara moja kwamba ni neno moja katika lugha mbili ndugu. Mchungaji wa Kimaasai hatachanganya olosesiai na muhuhu hata usiku. Neno lake ni sahihi kuliko "sandali" ya mjini. Wazee wanaochemsha magome na mizizi kupata kinywaji chekundu cha kutia nguvu wameujua mti huu vizazi vingi kabla ya Hochstetter kukaa mezani Esslingen.

Upungufu wa jina la kienyeji ni kwamba linakoma lugha inapokoma. Kwa hiyo kwenye lebo ya sampuli tunaandika yote mawili, pamoja na lugha ya jina na kijiji lilikosikika.

Je, jina la kisayansi linaweza kubadilika tena?

Linaweza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujuzi mpya: ikithibitishwa kwamba miti ya Afrika Mashariki ni spishi ya peke yake, tofauti na ile ya Mediterania, basi mojawapo ya visawe vyetu vya zamani litafufuliwa. Ya pili ni kanuni zenyewe kubadilika, jambo la nadra.

Mfano ulio hai uko kwa nusu-kimelea mwingine wa Kiafrika, wa oda hii hii ya Santalales: Ximenia caffra, ndugu wa mtundakula. Yeye zamani aliwekwa familia ya Olacaceae, na mpangilio wa 2010 ukampeleka Ximeniaceae. Lakini habari kubwa ni lile neno caffra. Limetokana na kafiri, neno ambalo kwetu ni la dini, ila huko kusini mwa Afrika lilifanywa tusi la rangi. Julai 2024, katika mkutano wa kimataifa wa mimea huko Madrid, wataalamu walipiga kura 351 dhidi ya 205 kwamba majina ya namna hiyo yaandikwe affra, yaani ya Afrika. Pendekezo lilitoka kwa Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Afrika Kusini, na linagusa spishi zaidi ya 200. Mimi nililipokea kwa furaha. Mti hautakiwi kubeba tusi.

Nimesikia kuna msandali dume na jike. Ni spishi mbili?

Ni spishi moja. Mti mmoja huzaa maua ya kiume, mwingine ya kike, na matunda utayakuta kwa jike pekee. Ukiona kichaka kisichozaa mwaka hadi mwaka, usidhani ni tasa wala usikipe jina jipya. Na mahali palipong'olewa jinsia moja, iliyobaki haina mwenzake, hata kama inaonekana ya kijani na yenye afya.

Unaweza kuotesha?

Inawezekana, na taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, imekuwa ikilishughulikia jambo hilo. Siri iko kwenye ule unusu-kimelea. Mche ukipewa chungu kizuri, udongo mzuri na maji, lakini ukaachwa peke yake, hudumaa. Weka mwenyeji katika mfuko huo huo mapema, na ukiupeleka shambani usiupande mahali palipofyekwa pakawa peupe. Vichaka vinavyouzunguka si magugu yake.

Nadhani nimeuona kwetu. Nichukue sampuli vipi?

Usiung'oe, wala usichimbe mzizi. Kata kijiti cha urefu wa kiganja na nusu chenye majani, na maua au matunda kama yapo. Kilaze kati ya karatasi za gazeti, majani mengine yakitazama juu na mengine chini, weka kitu kizito juu yake na ubadilishe magazeti kila siku mpaka kikauke. Andika siku hiyo hiyo: mahali, mwinuko, tarehe, jina la kienyeji, kama ni dume au jike, na vichaka vilivyo karibu nacho, kwa maana mmoja wao huenda ndiye anayenyonywa. Uliza kwanza ofisi ya misitu ya eneo lako kuhusu ruhusa.

Kisha ipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ile ya Afrika Mashariki iliyoko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, na ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ukifunguliwa jalada la Osyris katika hifadhi kama hiyo utaona karatasi zilizogeuka rangi ya chai, tawi limeshonwa kwa uzi, na chini yake lebo ya wino inayosema Osyris abyssinica. Pembeni kuna kikaratasi kidogo kipya zaidi kinachosema Osyris lanceolata, na jina la aliyeitazama upya na mwaka. Lebo ya zamani haibanduliwi. Nawe ukileta tawi lako, lebo utakayoandika kwa mkono wako itabaki pale, na atakayelitambua tofauti baadaye atabandika kikaratasi chake kando ya chako.